Madirisha Yasiyokubali Kufungwa

Sehemu ya Saba

Neno lilikuwa HONGERA. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, jekundu, kubwa kama bango la mkutano wa injili, na lilikuwa likiwaka na kuzima katikati ya kioo cha kompyuta.

Hapo ndipo tulipomwacha Abigael Jumamosi iliyopita, msomaji, mikono yake ikielea juu ya vitufe na pumzi ameibana.

"Limesema nini?" baba yake aliuliza. Mzee Manasseh alikuwa ameketi nyuma yake kwenye stuli. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na kioo kile kwake kilikuwa doa la mwanga tu.

"Limesema hongera, Tata."

Mzee alivua kofia. "Nyasae, Mungu wangu, asante." Alinyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa Chandulal mwenye duka mpaka akaupata. "Chandu, umesikia? Wamekubali! Jina langu litakaa Ulaya."

"Mimi nilisema," Chandulal alijibu huku akiutikisa mkono ule kwa nguvu. "Hii mashine si ya mchezo. Leo fotokopi bure kwa Manasseh."

"Fotokopi ya nini? Mimi sioni kitu ya kusoma."

"Basi weka kwa ukuta, wageni wasome."

Walicheka kama vijana. Hata Edinah, mama aliyekuwa akingoja kutolewa nakala za kadi zake za harambee, alipiga makofi bila kujua anashangilia nini.

Aliyekuwa hacheki ni Jinal, binti ya Chandulal. Alikuwa ameinama karibu na kioo, nywele zake zikigusa bega la Abigael.

"Abigael," alisema kwa sauti ya chini. "Soma mstari wa pili."

Abigael alisoma. Kisha akausoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa la chapa.

*Hongera! Wewe ni mgeni wetu wa milioni moja. Ombi lako la dawa ya kupunguza tumbo limepokelewa.*

Kwa yeyote aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yalikuwa hivi. Makumbusho moja madogo ya Ulaya yalikuwa na jiwe la Kisii lililochongwa watu watano wameketi bega kwa bega, wakila chakula cha bakuli moja. Jiwe hilo lilitoka Tabaka, kwao Mzee Manasseh, mwaka wa sabini na moja. Maonyesho yalikuwa karibu, na kibao cha maelezo kilikuwa kinapelekwa kwa mchapaji siku hiyohiyo ya Ijumaa, saa tisa alasiri ya hapa kwetu. Mchongaji akijulikana kabla ya hapo, jina lake lingeandikwa. La sivyo, kibao kingesema: *Mchongaji hajulikani.*

Barua ya posta ingechukua wiki mbili. Faksi ya Chandulal ilikuwa imeunguzwa na radi mwezi wa Machi. Ilibaki fomu iliyokuwa kwenye ukurasa wa intaneti, na kompyuta hii moja iliyokuwa imeunganishwa na waya wa simu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini.

"Lakini niliandika kwenye fomu," Abigael alinong'ona. "Niliandika mistari yote minane."

"Uliandika," Jinal alisema. "Lakini lile tangazo lilifunguka juu ya fomu ulipokuwa katikati ya jina. Hukuliona?"

Hakuliona. Angeliona vipi? Abigael alikuwa amefundishwa kupiga taipu na mwalimu aliyepita nyuma ya wanafunzi na rula, na kila aliyeinua kidevu alikiona cha moto. *Macho kwenye karatasi!* Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amepiga hati za viapo, wosia na kumbukumbu za vikao vya kanisa bila kuitazama mashine hata mara moja. Mawakili wa mji mzima walimjua kwa hilo. Na taipureta, katika miaka yote hiyo, haikuwahi kumbadilishia karatasi katikati ya sentensi.

Leo macho yake yalikuwa kwenye karatasi, na jina la baba yake likaingia katika dirisha la mchuuzi wa dawa.

"Mbona mmenyamaza?" Mzee Manasseh aliuliza.

Kicheko kilikuwa bado kwenye uso wake. Kofia ilikuwa bado mkononi.

Abigael aligeuka kwenye kiti. Alifikiri kungoja kidogo, atengeneze mambo kwanza, amwambie baadaye. Kisha akamwona baba yake anainamisha sikio, jinsi alivyofanya siku hizi kila alipohisi anafichwa kitu.

"Tata, haikuenda. Imekwenda kwa mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Muuza dawa ya kupunguza tumbo."

Edinah alipasuka kwa kicheko, akajiziba mdomo na kadi zake. "Nisamehe, mzee. Lakini hilo tumbo lenyewe liko wapi?"

"Manasseh iko mwembamba kama ufito," Chandulal alisema kwa uchungu. "Hawa watu hawana macho?"

Mzee hakucheka. Aliirudisha kofia kichwani, akaivuta hadi kwenye nyusi. "Bado iko saa?"

"Iko, Tata."

"Basi andika tena."

Abigael alilifunga tangazo lile kwa kubonyeza kile kisanduku kidogo cha pembeni. Lilipofungwa, mawili yakafunguka. Moja lilikuwa la mchezo wa kamari. La pili lilikuwa la mikopo ya nyumba. Alifunga la kamari. Likaja la nyota za bahati. Alifunga la nyota. Dawa ya tumbo ikarudi na HONGERA yake.

"Wanatoka wapi?" aliuliza.

"Ngoja nimpigie Pratikbhai," Jinal alisema.

Pratik, kaka yake, alifanya kazi ya kompyuta Nairobi. Lakini laini ya simu dukani ilikuwa moja. Kumpigia Pratik kulimaanisha kukata intaneti, na kuirudisha kulimaanisha kungoja ile mashine ilie na kukoroma hadi mitambo ya intaneti ya Kisumu ipokee, kama itapokea.

Wakakata.

"Ukurasa huo ni wa bure," Pratik alieleza. Jinal alikuwa akirudia maneno yake kwa sauti ili wote wasikie. "Anasema ni kama uwanja wa soko. Makumbusho wamepewa nafasi bila kulipa, kwa hivyo mwenye uwanja anawaachia wachuuzi wamzonge kila anayeingia."

"Mwambie awafukuze," Chandulal alisema.

"Anasema inawezekana. Fungua mipangilio. Kuna kisanduku chenye alama ya tiki. Hicho ndicho kinachoruhusu ukurasa kufungua madirisha. Ondoa tiki."

Abigael aliondoa tiki. Jinal alikata simu. Mashine ikaanza kulia: mluzi, mkwaruzo, mluzi tena. Kisumu haikupokea. Walijaribu mara ya pili. Mara ya tatu ikashika.

Saa nane kasoro dakika tano.

Ukurasa wa makumbusho ulishuka polepole kutoka juu, mstari kwa mstari, kama pazia. Walingoja. Hakuna dirisha lililofunguka. Walingoja tena. Kioo kilikuwa safi, fomu iko wazi, hakuna nyota, hakuna kamari, hakuna tumbo.

"Wameenda!" Abigael alisema.

"Wote?" mzee aliuliza.

"Wote, Tata."

Aliandika mistari minane kwa dakika mbili. Jina la mchongaji. Kijiji. Sanduku la posta. Mwaka. Alisoma kila neno, kisha akasogeza kipanya hadi kitufe cha kutuma na kukibonyeza.

Kitufe hakikufanya kitu.

Alibonyeza tena. Alibonyeza kwa nguvu, kana kwamba ni kitufe cha taipureta chenye kutu. Kitufe kilikaa pale kama kilichochorwa.

Jinal alijipiga paji la uso. "Abigael. Kile kinachofungua madirisha yao ndicho kinachosukuma kitufe hiki. Tumewafunga wachuuzi, na mlango wetu tumeufunga pamoja nao."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ukitaka kutuma, lazima uwaruhusu warudi."

Nje, mahali fulani mbali, kitu kizito kilibingirika angani.

Chandulal aliinua kichwa. "Hiyo nini?"

"Ni mvua," Edinah alisema. "Kule Suneka nimeiacha inanyesha ya mawe. Iko njiani."

Chandulal alitoka nyuma ya kaunta. Mtu yeyote wa mji huu anajua radi ya Kisii inavyofanya kazi, lakini Chandulal aliijua kuliko wengi, kwa maana alikuwa ameshika kipokezi cha simu siku ile faksi ilipoungua, na kwa wiki nzima vidole vyake havikuhisi kitu. Tangu siku hiyo mkewe, Chandrakala, alimwekea sheria moja: ngurumo ikikaribia, waya wa simu unatoka ukutani, hata kama anaongea na Rais.

Alisimama kando ya ukuta na kuushika waya.

"Mzee Chandulal," Abigael alisema. "Tafadhali."

"Mimi nitahesabu," alisema bila kumtazama. "Umeme ikimulika, nahesabu mpaka ngurumo. Ikifika juu ya tano, unaandika. Ikishuka chini ya tano, natoa. Mimi nina mke, Abigael. Nina mashine moja."

Mwanga ulipita dirishani, hafifu.

"Moja. Mbili. Tatu." Alihesabu taratibu kama anayepima kitambaa. Alifika kumi na mbili kabla ya mngurumo. "Andika."

Abigael alirudisha tiki mahali pake. Fomu ilijifuta yote. Na kabla hajagusa kitufe cha kwanza, dirisha la kwanza likafunguka.

"Mimi nitafunga," Jinal alisema, akanyakua kipanya. "Wewe andika. Lakini uangalie kioo! Usiangalie karatasi, angalia kioo. Likitokea, inua mikono."

Ndipo Abigael alipogundua jambo lililomtia hofu kuliko radi. Akiangalia kioo, hajui kupiga taipu. Vidole vilivyojua kila kitufe gizani vilipotea mara macho yalipoinuka. Alitafuta M. Alitafuta A. Aliandika kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi moja, herufi nyingine.

"Inua!" Jinal alipiga kelele. Nyota za bahati. Akafunga. "Andika!"

"N... a... s..."

"Inua!" Kamari. "Andika!"

"Haki ya Mungu," Edinah alisema, "hii ni kama kupanda mahindi kuku wakiwa shambani." Aliweka kadi zake chini, akaja kusimama nyuma yao, akawa naye anapiga kelele. "Inua! Hilo hapo! Inua, dada!"

"Tisa," Chandulal alisema ukutani.

Saa nane na nusu ilipita. Mistari minne. Mikopo ya nyumba iliwafunika mara tatu mfululizo. Mzee Manasseh alikaa, uso ameuelekeza kwenye doa lake la mwanga, vidole vyake vikisugua goti kama vinavyosugua jiwe.

"Bonareri," aliita, jina alilomwita Abigael nyumbani. "Umefika wapi?"

"Mstari wa saba, Tata."

"Saba," Chandulal alisema wakati huohuo, naye hakuwa akizungumzia mistari. Matone makubwa yalianza kupiga bati.

Mstari wa nane uliisha saa tisa kasoro dakika kumi na moja. Abigael aliinua mikono, Jinal akaangalia pande zote za kioo, akapeleka kipanya kwenye kitufe.

"Ni yenyewe?" Abigael aliuliza. "Si ya tumbo?"

"Ni yenyewe."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheupe. Walisubiri. Kisha ukurasa mpya ukaanza kushuka kutoka juu.

Haukusema hongera. Ulisema: *Ukurasa wa pili kati ya miwili.*

"Kuna mwingine?" Edinah alilia.

Ulikuwa mfupi. Nafasi mbili tu. Ya kwanza iliuliza jina kama litakavyochapwa kwenye kibao. Abigael aliandika, herufi moja moja, *Manasseh*. Jinal alifunga dirisha moja, na la pili.

Nafasi ya pili ilikuwa na maelezo marefu. Abigael alimtafsiria baba yake.

"Wanasema, Tata, chini ya jiwe kuna alama imekatwa kwa kisu. Wanataka mchongaji aieleze alama hiyo na aseme ni ya nani. Isipolingana, hawataandika jina lolote." Aliweka vidole tayari. "Ni alama gani?"

Mzee aliivuta kofia chini zaidi.

"Tata, saa inakwenda. Chini ya jiwe uliweka nini?"

"Mistari miwili," alisema hatimaye. "Imekutana juu, kama paa la nyumba. Na nukta chini yake."

Abigael aliandika. Paa la nyumba. Nukta. "Na ni alama yako?"

Vidole vya mzee viliacha kusugua goti.

"Hapana," alisema.

Jinal alisahau kipanya.

"Mwaka huo mkono ulikuwa umevunjika," Mzee Manasseh alisema. Aliongea chini sana hivi kwamba mvua ilikaribia kummeza. "Jiwe liliniangukia machimboni. Miezi mitano sikushika tindo. Mama yako ndiye alilichonga. Ndani ya jiko, mlango umefungwa, watu wasione."

"Mama?"

"Wewe unajua Tabaka. Mwanamume anachonga, mwanamke anasugua msasa. Ingejulikana, nani angelinunua? Watu wangenicheka mpaka leo. Nililipeleka kwa mnunuzi kama langu. Hajui kuandika, mama yako, kwa hivyo alikata paa na nukta. Mimi nikadhani ni pambo tu."

Abigael alikuwa amekua akiiona mikono ya mama yake ndani ya beseni la maji ya kijivu, ikisugua ndovu na viboko vilivyochongwa na wanaume wa kijiji kizima. Asubuhi hiyo Eucabeth, mama yake, aliwasindikiza hadi langoni, akamfunga mumewe kifungo cha koti, akamwambia asisahau kofia. Hakusema neno lingine.

"Yeye anajua tumekuja kufanya nini?"

"Anajua."

"Na alisema nini?"

"Alisema, nendeni salama."

"Abigael!" Jinal alimshtua. "Dakika nne!"

Nafasi ya kwanza ilikuwa inang'aa juu ya kioo na jina lililokwisha kuandikwa. Nafasi ya pili ilikuwa inangoja jibu moja kati ya mawili. *Yangu*, au *ya mke wangu*.

"Tata, niandike jina la nani?"

Mzee aligeuza uso wake, yale macho meupe yakapita kando ya binti yake kidogo, yakakaa ukutani.

"Miaka ishirini na nane nimelibeba lile jiwe," alisema. "Nilitaka liende na jina langu, nife. Nilidhani watauliza jina tu." Alivua kofia tena. "Mimi sioni, Bonareri. Ukiandika hili au lile, sitajua. Utakachoniambia ndicho nitakachoamini."

Abigael alimtazama Chandulal. Chandulal alitazama sakafu. Alimtazama Edinah, na mama huyo aliyekuwa na maneno tangu mwanzo alikuwa anazipanga upya kadi zake zilizokwisha kupangwa. Hakukuwa na mtu wa kumsaidia, wala karatasi ya kunakili. Karatasi aliyopewa ilikuwa na jina moja tu.

Aliinua macho kwenye kioo na kukitafuta kitufe cha kufuta.

Duka zima likamulikwa jeupe.

"Moja," Chandulal alisema, na waya ukakaza mkononi mwake.

Abigael alibonyeza. Herufi ya mwisho ya jina la baba yake ikaondoka. Akabonyeza tena.

"Mbili."

Na katikati ya kioo, juu ya jina lililobaki nusu, dirisha jekundu likafunguka na kumwambia hongera.

"Tatu," Chandulal alisema.